Nani Anailinda GPU ya Kukodi?

Kuanzia Ijumaa saa 12 jioni hadi Jumatatu saa 2 asubuhi kuna saa 62. Mashine ya Amazon iitwayo g4dn.xlarge, yenye GPU moja ya aina ya T4, hukodishwa kwenye vituo vya Virginia kwa dola 0.526 kwa saa. Ikisahauliwa inawaka wikendi nzima, mwenyewe atalipa kama dola 33: inauma, lakini haivunji nyumba. Ndugu yake p3.2xlarge, yenye V100 moja, ilikuwa dola 3.06 kwa saa, na wikendi hiyohiyo ingemeza dola 190. Halafu kuna p5.48xlarge, yenye H100 nane. Ilipoingia sokoni mwaka 2023 bei yake ilikuwa dola 98 na ushei kwa saa, kwa hiyo saa 62 zilifikisha zaidi ya dola 6,000. Juni 2025 Amazon ilitangaza kushusha bei za baadhi ya mashine zake za GPU kwa hadi asilimia 45, lakini hata kwa bei mpya, usahaulifu wa wikendi moja ungeweza kununua laptopu nzuri na chenji ikabaki.

Mzizi wa hasara hizi ni mpangilio wa malipo. Kwenye LUKU, mfumo wa umeme wa kulipia kabla wa Tanzania, uniti zikiisha taa huzimika. Amazon, Google na Microsoft hawaendi hivyo: mteja wa kawaida hutumia kwanza, ankara humfuata baadaye, na bajeti anayoiweka kwenye akaunti yake hutuma onyo la barua pepe bila kuzima chochote, isipokuwa awe ameunganisha mwenyewe hatua ya kuzima. Kampuni ndogo kama RunPod na Vast.ai zimechagua salio la kulipia kabla. Kwa mwanafunzi au mtafiti anayelipa kwa kadi yake mwenyewe, hiyo peke yake ni sababu ya kuzifikiria.

Wanaokodi mashine hizi wengi wao ni waandishi wa programu, na siku yao nzima huishia ndani ya kihariri. Kinachotumiwa na wengi, Visual Studio Code, kilitangazwa na Microsoft Aprili 2015, lakini kilichobadilisha mambo kwa watu wa GPU kilikuja Mei 2019: viendelezi vya kufanyia kazi kwenye mashine ya mbali. Kihariri kinapounganishwa kwa SSH, hupandikiza seva ndogo kwenye mashine ile ya mbali, ndani ya folda iitwayo .vscode-server. Dirisha na herufi huchorwa kwenye laptopu. Mafaili husomwa na programu huendeshwa kule kwenye mashine ya kukodi. Mtu aliye Dar es Salaam akiandika msimbo kwenye mashine ya Virginia haoni herufi zikichechemea, kwa sababu hazisubiri kuvuka bahari ndipo zionekane.

Ubunifu huo una sumu yake ndogo. Mashine ya mbali imekuja kufanana mno na ya mezani, na mtu akifunga dirisha la kihariri hujiona amefunga kazi. Kilichofungwa ni dirisha tu. Mashine kule inaendelea kuwaka, na mita inaendelea kusoma.

Hapo ndipo vinapoingia viendelezi vya ufuatiliaji. Vipo vya watoa huduma wenyewe, vipo vilivyoandikwa na watu binafsi, na vingi hufanana: orodha ya mashine pembeni, alama ya rangi kuonyesha ipi inawaka, asilimia ya matumizi ya GPU kwenye upau wa chini, pengine na makisio ya gharama tangu mashine iwashwe. Hoja yao ina mashiko. Ukurasa wa usimamizi wa mtoa huduma uko kwenye kivinjari, unadai nywila na msimbo wa uthibitisho, na mtu aliyezama kwenye kazi hana sababu ya kuufungua. Upau wa chini uko mbele ya macho yake muda wote.

Lakini upau huo unachanganya maswali matatu: mashine inawaka? GPU inafanya kazi? Imekula kiasi gani? Majibu yanatoka sehemu tatu tofauti, kila moja ina ucheleweshaji wake, na mtu asiyejua namba ipi imetoka wapi atazisoma zote kana kwamba zina uzito mmoja.

Swali la kwanza ndilo jepesi. Kiendelezi humuuliza mtoa huduma kupitia API yake, na jibu huja kwa muda mfupi. Hata hivyo neno “imezimwa” halina maana moja kila mahali. Kwenye Azure ya Microsoft, mashine iliyozimwa kwa amri ya ndani, kama mtu anavyozima kompyuta yake, huhesabiwa kuwa imesimama, lakini bado imeshikiliwa kwa jina la mteja na malipo ya mashine yanaendelea. Ili mita isimame lazima iachiliwe kupitia ukurasa wa usimamizi au API. Kiendelezi kinachopaka hali hizo mbili rangi moja ya kijivu kinamdanganya mtumiaji wake, hata kama hakikukusudia.

Swali la pili ndilo lenye mitego mingi. Wengi hudhani mtoa huduma anajua GPU aliyoikodisha inafanya nini, ila ukweli ni kwamba kwa kawaida hajui. EC2, huduma ya Amazon ya kukodisha mashine iliyofunguliwa Agosti 2006, huitazama mashine ya mteja kutoka nje. Kutoka nje inaona kichakataji kikuu kinavyotumika, inaona na mtandao, ila haioni kumbukumbu ya ndani wala GPU. Vipimo vyake vya kawaida hufika kila baada ya dakika 5. Anayetaka vya GPU lazima asakinishe wakala ndani ya mashine, au aiulize mwenyewe kwa amri ya nvidia-smi, ambayo husoma maktaba ya NVIDIA iitwayo NVML. Zana zinazopendwa kama nvtop, nvitop na gpustat huchota humohumo, na viendelezi vingi vya kihariri pia, tofauti ni mapambo tu.

Sasa namba yenyewe. Asilimia ya matumizi ambayo nvidia-smi huitoa haipimi ni sehemu gani ya GPU inafanya kazi. Hupima ni kwa sehemu gani ya muda uliopimwa, muda ambao ni sekunde moja au chini yake, kulikuwa na angalau kazi moja inayoendeshwa. H100 ya seva ina vitengo vya kukokotoa 132. Kazi ndogo ikikalia kitengo kimoja mfululizo na vingine 131 vikilala, upau utaandika asilimia 100. Aliyelipia H100 kwa bei yake na kuona 100 atalala usingizi mnono, ilhali anaitumia kama kadi ya bei ya chini kabisa.

Kumbukumbu nayo inadanganya kwa njia yake. Kati ya maktaba za kufunzia modeli za akili mnemba, TensorFlow, isipoambiwa vinginevyo, hujitwalia karibu kumbukumbu yote ya GPU mara inapoanza. JAX huchukua robo tatu. PyTorch huomba kadiri inavyohitaji, lakini ikimaliza kutumia haiirudishi mara moja. Huiweka akiba kwa ajili ya hesabu ijayo. Kwa hiyo upau unaosema gigabaiti 14 kati ya 16 zimetumika unaweza kuwa unatazama modeli iliyojaa kweli, au daftari la Jupyter lililoachwa wazi tangu jana bila kukokotoa hata jumla moja.

Kipimo ambacho kinastahili nafasi zaidi kwenye upau, na ambacho nvidia-smi hukitoa bila kuombwa mara mbili, ni umeme. T4 ina ukomo wa wati 70, H100 ya seva wati 700. Kadi inayojigamba kwa asilimia 100 huku ikivuta theluthi tu ya umeme wake haifanyi kazi yote inayoiweza. Na kadi inayovuta umeme kidogo mara nyingi inasubiri data. g4dn.xlarge ina viini pepe vinne tu vya kichakataji kikuu, na kipakiaji cha data cha PyTorch, kikiachwa na mipangilio yake ya mwanzo, hakitumii mfanyakazi wa pembeni hata mmoja: picha hufunguliwa, hukatwa na kupangwa kwenye mchakato uleule unaoendesha mafunzo, na GPU hukaa ikisubiri. Tatizo hili si la wanafunzi peke yao. Watafiti waliochambua klasta ya Microsoft yenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 2019 walikuta GPU zilizokuwa tayari zimepangiwa kazi zikitumika kwa wastani wa karibu nusu tu kwa kipimo kilekile cha ukarimu cha asilimia ya matumizi.

Mwenye kutaka undani zaidi atatumia DCGM, zana nyingine ya NVIDIA, ambayo kwa kadi za vituo vya data hueleza vitengo vingapi vya kukokotoa viko kazini. Na kuna kipimo kimoja kisichotoka NVIDIA wala Amazon, nacho pengine kinashinda vyote: ni hatua ngapi za mafunzo zinakamilika kwa dakika, na kosa la modeli linashuka au limeganda. Hicho hukaa kwenye logi ya programu yenyewe. Kihariri, ambacho tayari kimefungua faili hiyo, kiko mahali pazuri pa kukionyesha kuliko ukurasa wowote wa mtoa huduma.

Swali la tatu, la fedha, lina kichekesho chake. Takwimu za matumizi za Amazon husasishwa takriban mara moja kwa siku, kwa hiyo gharama anayoisoma mtu kwenye kihariri haiwezi kuwa imetoka kwenye ankara halisi ya dakika hiyo. Ni zao la kuzidisha: saa tangu mashine iwashwe mara bei ya orodha. Na kiendelezi kikijaribu kuuliza hesabu halisi kupitia API ya Cost Explorer, kila swali hutozwa senti moja ya dola. Kiendelezi kinachouliza kila dakika kitauliza mara 1,440 kwa siku, yaani dola 14.40, wakati T4 yenyewe kwa siku nzima ni dola 12.62. Mlinzi angekula kuliko mwizi.

Mpaka hapa kihariri kimeonekana kuwa dirisha zuri, ilimradi anayechungulia ajue anachokiona. Ugomvi unaanza pale dirisha linapopewa kazi ya mlinzi: kupiga kengele au kuzima mashine iliyokaa bure. Dirisha huhitaji mtu aliye macho, laptopu yenye chaji na mtandao usiokatika, na katika pwani ya Afrika Mashariki si vyote vitatu vinavyopatikana kila siku.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Miezi michache kabla, Februari, nyaya nyingine zilikuwa zimekatika katika Bahari ya Shamu, Seacom ikiwemo, kwa hiyo njia mbadala zilikuwa tayari zimebanwa. Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zote zilihisi athari. Kwa aliyekuwa na mashine inawaka Marekani au Ulaya, ramani ya siku ile ilikuwa rahisi kuichora: mashine haikuguswa, mita haikuguswa, kilichokufa ni uwezo wa kuiona na kuizima. Kiendelezi kilichotegemewa kuzima mashine baada ya nusu saa ya kukaa bure kilikuwa upande usiofaa wa bahari.

Kukatika kwa umeme mtaani huleta matokeo hayohayo kwa kiwango kidogo. Muunganisho wa SSH ukifa, programu iliyoanzishwa kwenye dirisha la amri la kawaida hufa nao. Seva ya VS Code huhifadhi madirisha yake kwa muda ikisubiri mwenyewe arudi, kisha huyaachia. Ndiyo maana wazoefu huendesha mafunzo ndani ya tmux, programu inayobaki hai kwenye mashine ya mbali hata kama hakuna aliyeunganishwa. Kazi ikiweza kuishi bila kihariri, ulinzi wake nao yafaa uishi bila kihariri.

Namna moja ni hati fupi inayoendeshwa na cron kila baada ya dakika chache ndani ya mashine yenyewe: isome nvidia-smi, na ikikuta GPU imekaa bure kwa nusu saa, ijizime. Kwenye EC2 mashine inayojizima kutoka ndani husimama kweli, na malipo ya mashine hukoma. Kwenye Azure, kwa sababu iliyokwisha kuelezwa, hati hiyohiyo ingezima mashine na kuacha mita ikisoma. Lazima iite API ya mtoa huduma. SkyPilot, zana iliyotoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, imelitatua hili kwa ustaarabu zaidi: mtumiaji hutaja dakika, na mashine husimamishwa baada ya foleni yake ya kazi kubaki tupu kwa muda huo. Kuitazama foleni ni busara kuliko kuitazama GPU, maana kazi inayopakua data za gigabaiti mia kabla ya kuanza mafunzo huonekana imelala kabisa.

Kuna mtego wa kinyume pia. Kengele rahisi kuliko zote kuiweka kwenye EC2 ni ya kichakataji kikuu: kikishuka chini ya asilimia fulani, simamisha mashine. Ni ushauri mzuri kwa seva ya tovuti. Kwa mafunzo ya modeli yaliyopangwa vizuri ni hatari, kwa sababu kadiri GPU inavyobeba kazi ndivyo kichakataji kikuu kinavyoweza kupumzika, na kengele itaua kazi bora kabla ya kazi mbovu. Hasara huongezeka kama hifadhi za kati za modeli ziliwekwa kwenye diski ya ndani ya kasi. g4dn.xlarge ina gigabaiti 125 za aina hiyo. Ni ya haraka, haina malipo ya ziada, na mashine ikisimamishwa kila kilichomo hupotea.

Mashine za Spot, zile za bei ya chini ambazo mtoa huduma anaweza kuzichukua wakati wowote, zinaweka wazi zaidi mipaka ya kihariri. Amazon hutoa onyo la dakika mbili. Google na Microsoft hutoa sekunde 30. Kiendelezi kinachouliza hali kila dakika kinaweza kulikosa onyo zima la Google, na hata kikilipata, binadamu aliyekwenda kuchemsha chai hatafika. Programu ya mafunzo yenyewe ndiyo inayopaswa kulisikia onyo na kuhifadhi kazi, na zaidi ya hapo, kuhifadhi mara kwa mara bila kusubiri onyo lolote.

Kwenye mafunzo makubwa mantiki hii imeshapimwa. Meta ilipoeleza jinsi ilivyofunza modeli yake ya Llama 3, ilitaja kipindi cha siku 54 kwenye GPU 16,384 za H100 ambamo kazi ilikatizwa bila kutarajiwa mara 419, wastani wa mara moja kila saa tatu, nyingi zikitokana na vifaa kuharibika. Kati ya hizo zote, zilizohitaji mkono mkubwa wa binadamu zilikuwa tatu. Hakuna aliyekuwa akizichungulia kadi 16,384 kwenye upau wa kihariri. Lakini mwenye kadi moja anaweza kuazima kanuni ileile kwa hati ya mistari ishirini.

Hilo halikifanyi kiendelezi kuwa kisicho na faida. Linakipangia kazi yake. Kupanga kazi hiyo kunahusu pia funguo kinazopewa. Kiendelezi cha VS Code huendeshwa kwa mamlaka yote ya mtumiaji, na hakuna utaratibu wa kukiruhusu kiguse hiki na kile kisiguse. Kikiwa na funguo za akaunti ya wingu zenye mamlaka kamili, kosa lake au hila ya aliyekiandika vinaweza kuwasha mashine nane za H100 kwa faida ya mwingine. Februari 2018 kampuni ya usalama ya RedLock ilieleza jinsi wavamizi walivyoingia kwenye mfumo wa Tesla kupitia ukurasa wa usimamizi wa Kubernetes usio na nywila, wakakuta humo funguo za Amazon, na mitambo ya kampuni ikageuzwa kuchimba sarafu za kidijitali. Funguo zinazokabidhiwa kihariri zifae kusoma hali za mashine, na pengine kusimamisha zile zilizowekewa alama maalumu. Kuwasha hakuhitajiki. Kufuta kabisa hakupaswi kuwepo hata kama kitufe, kwa sababu kwenye EC2, kwa mipangilio ya kawaida, diski kuu hufutwa pamoja na mashine, na kitufe hicho kingekaa jirani na kile cha kusimamisha.

Anayejifunza tu anaweza kuukwepa mjadala wote huu kwa muda. Google Colab hutoa T4 bila malipo na huwakatia wanaokaa bure. Kaggle hutoa kama saa 30 za GPU kwa wiki. Huduma hizo zina mlinzi mkali kuliko kiendelezi chochote, kwa kuwa umeme ni wa kwao.

Kwa wanaolipa, imebaki hali moja ambayo upau huonyesha sifuri na ankara haionyeshi sifuri. Mashine ya EC2 ikisimamishwa, malipo ya mashine hukoma, lakini diski zake zinaendelea kutozwa: diski ya kawaida ya gp3 ya gigabaiti 500 huko Virginia ni dola 40 kwa mwezi, na tangu Februari 2024 anwani ya umma ya IPv4 iliyotengwa kwa mteja hutozwa nusu senti kwa saa, itumike isitumike. Diski na anwani haziko kwenye orodha ya mashine. Huulizwa kwa maombi mengine ya API, na kiendelezi kinachoorodhesha mashine peke yake kitaendelea kuonyesha alama ya kijivu mwezi baada ya mwezi juu ya data ambayo mwenyewe alishaacha kuihitaji.